Jeneza Lisilo na Ukuta

Teshie,
9 Februari 1994

Dada yangu Okailey,

Nakusalimu kwa jina la Yule anayetuamsha kila siku bila kutudai asante. Huku tu wazima. Mama mdogo, mzazi wako, anakusalimu. Goti lake siku hizi linatabiri mvua kuliko redio, na redio angalau huzimika. Korkoi mke wangu bado anapika komi, yale madonge ya mahindi, na bado anasema nanuka gundi kuliko mume. Kanisani wamenifanya mzee. Nimeambiwa mzee wa kanisa hacheki ovyo, kwa hiyo vicheko vyangu vyote sasa navimalizia karakanani.

Nakuandikia kwa sababu Mwalimu Amarkai amefariki. Miaka sabini na minane. Alikuwa anamwagilia pilipili zake, akaketi, basi. Bwana ampokee, na kama huko kuna ubao na chaki, Bwana awahurumie malaika.

Juzi mjane wake, Mama Shormeh, alikuja hapa na karatasi ya wosia. Akanisomea amesimama, maana viti vyangu vyote vilikuwa na rangi mbichi. Marehemu ameagiza mambo mawili. La kwanza, azikwe ndani ya seli. La pili, seli hiyo itengenezwe na Borketey wa Teshie, wala si fundi mwingine.

Okailey, mimi kazi yangu unaijua. Mvuvi nimemlaza ndani ya jodari, mkulima ndani ya tunda la kakao, fundi viatu ndani ya kiatu chenye kamba zake zote. Kuna mlevi mmoja nilimchongea chupa, nikatubu Jumapili iliyofuata. Lakini jodari namjua, nimemla. Seli sijawahi kukutana nayo sokoni.

Tena unajua kwa nini siijui. Marehemu ndiye aliyenitoa shule mwaka sitini na sita, kidato cha pili, kwa ajili ya mchoro wa hiyohiyo seli. Sitaki kulifukua jambo lile, lina kaburi lake. Nataja tu ili usinicheke: somo lenyewe nililitoka katikati. Na sasa mwalimu mwenyewe ananiita nilimalizie, yeye akiwa kwenye barafu ya hospitali na mimi nikiwa na patasi. Amekufa bado ananitania.

Mama Shormeh ameniachia kitabu cha zamani cha marehemu. Ukurasa wenyewe una picha mbili, lakini mchwa wamekula nusu pamoja na maneno. Imebaki picha moja nzima, yenye pembe.

Wanafunzi wake wote wa zamani wanakuja. Nortey, yule aliyekaa dawati la mbele, sasa ni daktari wa macho. Siku ile natoka darasani yeye ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata. Nikikosea hili jeneza watacheka mara ya pili, na safari hii sina mlango wa kutokea, maana karakana ni yangu. Jina langu lote liko humo.

Basi wewe uliyesoma ukawa mwalimu wa mambo hayohayo, niambie: seli ina viungo gani, na kila kimoja kinafanya kazi gani? Andika kama unamwandikia mtoto. Tunataka kuzika kabla marufuku ya ngoma na matanga haijaingia mwezi wa Mei. Ikitukuta, mzee wa watu atabaki kwenye barafu hadi sikukuu ya Homowo ipite.

Na uje. Wameshachagua kitambaa cha msiba.

Kakako,
Borketey


Bolgatanga,
6 Machi 1994

Kaka Borketey,

Barua yako imefika leo. Inaelekea ilishuka Kumasi ikatafuta ndugu zake. Sisi ni wazima isipokuwa vumbi la upepo wa harmatani, tunalila kama chumvi. Shemeji yako Ayine amenunua kanga wengine kumi, sasa wako arobaini, na wote wanalala mapema kuliko yeye. Wasichana wangu shuleni wananiita Mama Hadubini wakidhani sisikii. Mwambie mama goti asilikande kwa maji ya moto sana. Na hongera ya uzee wa kanisa. Wamekosa watu?

Pole kwa msiba. Nimesikitika.

Seli ni hivi. Kumbuka ua wa bibi, pale tulipolelewa mimi na wewe. Ufikirie ua ule ni mdogo mno, kiasi kwamba nyua elfu kama huo zingepangika juu ya kichwa cha msumari wako.

Bibi mwenyewe, aliyekaa katikati na funguo kiunoni, ndiye kiini. Bila yeye hakuna aliyejua la kufanya. Yeye ndiye aliyeshika urithi wote, nani achukue pua ya nani, na wewe alikupa ya babu, hukubahatika. Shangazi Dedei aliyekaa mlangoni na kigoda chake ndiye utando wa seli: muuza samaki mwema aingie, mwenye samaki wa jana arudi kwao, takataka zitoke. Utando si kizuizi, Borketey. Ni mlinzi mwenye akili. Uwanja ambamo sote tulikuwa tunagongana ni saitoplazimu, ila iwe rojorojo, kama uwanja ule siku za mvua. Majiko ya komi kule nyuma ni mitokondria. Huko ndiko chakula kinapogeuzwa nguvu, jiko likizimika ua mzima umelala. Zile punje ndogo zinaitwa ribosomu, nazo zinaunganisha protini kutwa kucha, kama wale wasichana waliokuwa wakifunga madonge kwenye maganda ya mahindi bila kuinua kichwa.

Hayo ni ya wote, mnyama na mmea. Mmea unaongezewa matatu: kloroplasti za kijani, zinazopika chakula kwa jua, vakuoli kubwa katikati, kama pipa la maji, na ukuta nje ya utando, unaoushikilia mmea usimame.

Sasa nisikilize. Uliza kwanza: marehemu alitaka seli ya mnyama au ya mmea? Picha iliyoliwa na mchwa ilikuwa ipi? Usipige hata msumari mmoja kabla hujajua.

Kuhusu kuja, sitaweza. Mitihani iko karibu, na Ayine ana mguu unaouma.

Dadako,
Okailey


Teshie,
12 Machi 1994

Dada yangu,

Amani ya Bwana iwe na mlango wako hata kama mlango hautaki kujibu barua. Mwezi mzima! Nimemwambia Korkoi, labda siku hizi anasahihisha barua kwanza ndipo azijibu. Mama mdogo anasema amekuota umevaa viatu vya kiume. Goti linasema mvua.

Nisingeweza kungoja. Ukoo wa marehemu ulikuja watu wanane, wakakaa hadi nikaanza. Nimefuata ile picha nzima, na Mungu ameibariki mikono. Njoo uione! Sanduku la mbao za wawa, kuta nene unene wa kiganja, pembe sita zilizonyooka kama maadili ya mchungaji wetu. Nimepaka kijani kibichi. Kwenye kifuniko nimechonga vidude vyote nilivyoviona kitabuni: mayai ya kijani ishirini na mawili, njugu kubwa tisa, na pipa kubwa la buluu katikati. Kuna duara moja ambalo lilikuwa limesukumwa pembeni, nimeliacha pembeni.

Watu wanajaa hapa kuangalia. Kila mtu anasema ni zuri, ila hakuna anayejua ni nini. Mzee Tawiah wa nyavu alilizunguka mara mbili.

"Borketey, marehemu si alikuwa mwalimu?"

"Mwalimu."

"Mbona umemwekea njugu? Alikuwa anauza pembeni?"

"Hizo si njugu, mzee. Ni seli."

"Aa," akasema. Kisha akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Njugu za kizungu."

Mchungaji naye alikuja. Unajua hapendi majeneza yangu yaingie kanisani. La umbo la Biblia peke yake ndilo hulikubali, na la jodari alilikubali baada ya mimi kumkumbusha Yona. Akasimama hapo na mikono nyuma.

"Mzee Borketey, hili limo wapi katika Maandiko?"

"Mchungaji, mwili wa kila mtu umejengwa kwa hivi. Ndiyo kazi ya mikono ya Mungu yenyewe."

Akaangalia sana. "Basi Mungu alituumba wa kijani?"

Nikamwambia aangalie asichafuke rangi.

Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia hata Korkoi. Nilipokuwa naupiga randa ule ukuta nilifurahi furaha isiyo ya mzee wa kanisa. Miaka ishirini na minane iliyopita niliadhibiwa kwa ukuta wa seli. Leo ukoo wa mwalimu umekuja kuniomba ukuta wa seli, tena kwa heshima, wamevua kofia. Nimeomba toba, lakini nimeomba polepole.

Maziko ni Jumamosi tarehe 30 Aprili. Kitambaa chako nimekuwekea.

Borketey


Bolgatanga,
30 Machi 1994

Borketey!

Salamu baadaye. Sote wazima, kanga wazima, kaa chini.

Umemtengenezea kitunguu!

Ukuta, kijani, pipa la maji katikati, kiini kilichosukumwa pembeni: hiyo ni seli ya mmea kutoka kichwani hadi miguuni. Mchwa wamekula picha ya mnyama wakakuachia ya mmea, na wewe ukaipenda kwa sababu ina pembe kama jeneza. Mchungaji wako hajasoma biolojia hata siku moja, na ameona alichoshindwa kuona fundi. Mungu hakutuumba wa kijani!

Umesahau sauti ya Mwalimu? Mimi naisikia hadi leo nikiingia darasani. Fimbo mezani, paa! "Mnyama! Hana! Ukuta!" Miaka thelathini alisema sentensi hiyo moja. Kuna watu walisahau majina ya wake zao lakini hilo hawakulisahau. Na sasa wote hao watakuja, na Nortey mbele, wamkute mzee amelala ndani ya ukuta wa kijani kama kitunguu kinachongoja kikaango. Watacheka mpaka ngoma zinyamaze, Borketey, na watauliza nani fundi.

Bomoa. Ondoa ukuta wote, uache utando tu: mwembamba, usio na pembe. Toa kijani, kila yai. Pipa litoke, mnyama akiwa na vakuoli ni vidogo sana, havionekani hata kwa Mama Hadubini. Kiini kikae katikati, kwenye kifua, kama bibi. Njugu zibaki, hizo ndizo mitokondria, umezipatia bila kujua.

Naambatanisha mchoro. Nimeupima kwa rula. Ufuate huo na usisikilize mtu mwingine.

Kuja siwezi, nimeshasema. Mguu wa Ayine umevimba.

O.


Teshie,
17 Aprili 1994

Dada Okailey,

Ashukuriwe Yeye aliyezifikisha barua zako mbili siku moja, ya mwanzo ikiwa juu ya ya pili, nikasoma kwanza "usipige hata msumari" nikiwa nimeegemea misumari mia tatu. Poleni na mguu. Ayine mwenyewe alimpigia simu binamu yake hapa bandarini wiki jana. Anasema alikuwa ametoka kucheza mpira. Mguu huo upone taratibu.

Nilipofika kwenye kitunguu nilicheka peke yangu hadi Korkoi akaja na maji. Kisha nikachukua nyundo. Kuta zile sikuzitupa, wawa ni ghali. Nimejengea banda la kuku. Kuku wangu sasa wanaishi ndani ya mmea na mayai yameongezeka.

Utando ulinitesa. Jeneza la ubao wa kukunja sijawahi kutengeneza tangu nizaliwe. Ubao mwembamba niliuloweka usiku kucha, nikaukunja kidogokidogo, unavunjika, naloweka mwingine, naimba zaburi, unavunjika. Wa saba ukakubali. Sasa lina umbo la yai lililokaliwa na mtu mnene. Rangi nimepaka ya maziwa yaliyoonja chai. Kiini nimekichonga kama kibuyu kikubwa, kiko juu ya kifua. Mzee Tawiah amelizunguka tena, akasema, "Njugu umeziacha. Afadhali."

Lakini wachimba kaburi wamegoma. Nilikwenda na kipimo.

"Shimo la duara?" akasema mkubwa wao. "Kaka, sisi tunazika watu. Kisima nenda kawaone wengine."

"Si duara kamili. Kama yai."

"Kuku huyo alikuwa mwalimu wa nani?"

Nikamwambia jina. Akakuna shingo. "Alinifundisha," akasema. "Mnyama hana ukuta." Akachukua jembe. Tumeelewana.

Sasa mchoro wako. Ni mzuri, Okailey, mistari kama nyuzi za kinubi. Niliugeuza nyuma, nikaugeuza mbele. Hukuandika jina. Bado hujaiacha tabia hiyo.

Nilisema jambo lile lina kaburi lake. Limefukuliwa, na si mimi. Mama Shormeh alikuwa anapanga sanduku la nguo za marehemu, chini kabisa akakuta daftari limefungwa kwa kitambaa. Akaniletea kwa sababu kwenye kitambaa kulikuwa na jina langu. Jalada la daftari lenyewe halina jina. Ukurasa wa tisa kuna seli ya mnyama yenye ukuta mnene kama wa ngome ya watumwa.

Mimi na wewe tunajua daftari hilo halijawahi kuwa langu. Sijawahi kukutajia kwa mdomo wala kwa kalamu. Nataja leo mara moja.

Chini ya mchoro mwalimu ameandika mistari mitatu kwa wino mwekundu. Siiandiki hapa. Ni mistari ya kusomwa umesimama. Njoo uisome, au usije, na mimi nitaendelea kukusalimia mama yako na goti lake mpaka mmoja wetu alale ndani ya kitu nilichokichonga.

Maziko ni tarehe 30. Kaburi ni la yai.

Borketey


Bolgatanga,
24 Aprili 1994

Kaka yangu,

Barua hii sitaipeleka posta, maana itafika mimi nikiwa nimeshakuja na kurudi. Nitaibeba mwenyewe na kukupa mkononi. Nikishindwa kusema, usome.

Lilikuwa langu.

Siku ile alipoliinua juu akauliza, "Daftari hili la nani?" ulimi wangu uligeuka gogo. Wamisionari walikuwa wakinilipia, nawe unakumbuka sharti lao: kosa moja la nidhamu, nyumbani. Akasema, "Ukuta nasamehe. Kujificha sisamehe. Mwenye daftari hili asiposimama nitamtoa shule." Niliangalia meza. Nikahesabu mafundo ya mbao. Kisha nikasikia kiti chako.

Ukasema, "Ni langu, bwana." Alikutaka upige magoti uombe radhi ubaki. Ulikataa kupiga magoti kwa kosa lisilo lako, na hukusema si lako. Jinsi ulivyoweza kufanya yote mawili kwa pamoja sijui hadi leo. Kiburi chako kingetosha kujengea kanisa. Nortey akacheka. Na mimi, Borketey, nilicheka pia. Hilo hulijui. Nilicheka ili nisionekane.

Jioni ulikuja ukala komi karibu nami kama kawaida. Nikangoja uniseme. Hukusema. Ulikwenda kwa mjomba kujifunza useremala, na kila mwaka ulivyonyamaza ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kwangu kufungua mdomo. Sikulaumu. Ila kimya chako nacho kilikuwa kizito, usijifanye malaika.

Miaka ishirini nafundisha seli. Nikifika kwenye ukuta natoa kazi ya nyumbani, wasome wenyewe.

Mitihani ni Juni. Ayine hana mguu wowote unaouma. Alitoka kucheza mpira kweli, na alifunga.

Naja na basi la Alhamisi.

Okailey


Teshie,
15 Mei 1994

Dada yangu Okailey,

Nakusalimu kwa sauti ndogo, maana marufuku ya ngoma imeingia na hata mbwa wanabweka kwa adabu. Mama mdogo hajaacha kutangaza kwamba ulimletea kanga wawili. Goti limetulia tangu uje, sijui kama ni uponyaji au ni kanga. Mjulishe shemeji Ayine nimesoma kuhusu lile bao kwenye barua uliyoniachia.

Uliondoka mapema mno, na siku ya maziko, ukishamaliza kusema, ulifunika uso kwa kitambaa cha msiba hadi kaburini. Kwa hiyo nusu ya mambo hukuyaona. Nakusimulia.

Waliposhusha jeneza uwanjani, Nortey alikuwa mbele na miwani mbili, moja usoni moja kichwani. Alikiangalia kiini kwanza, akatafuta ukuta, nikamwona anavyotafuta, Mungu anisamehe nilifurahi. Hakuukuta. Mdomo uliokuwa umejiandaa kucheka ukabaki wazi, inzi angeweza kuingia na kutoka bila kumuuliza shangazi Dedei.

Ndipo ukasimama wewe. Sikukutuma. Nilidhani utaniambia mimi chini ya dari ya karakana, na hilo lingenitosha. Ukasema mbele ya madaktari na wachimba kaburi, "Mchoro ule wa mwaka sitini na sita ulikuwa wangu, na nilicheka akitolewa." Ukafungua daftari nililokupa ukasoma mstari wa kwanza wa mwalimu, "Hati si ya Borketey, nilijua kabla hajafika mlangoni." Ukasoma wa pili, "Nilingoja mwenyewe aje, kisha nikaona haya kumwita aliyetoka." Halafu ukanirudishia daftari, ukafunika uso.

Hivi ndivyo ilivyokuwa baada ya hapo. Nortey alikuja kwangu. Ameshika miwani ya kichwani kama kofia. Akasema, "Borketey, hata mimi nilikuwa nimechora ukuta. Daftari langu lilikuwa chini kwenye lile rundo. Nilicheka kwa woga." Nikamwambia, "Daktari, kumbe darasa zima lilikuwa bustani." Akacheka, nami nikacheka, na mchungaji akatuangalia vibaya, kisha nikamwona naye anakohoa kikohozi kisicho cha kifua. Jeneza aliliruhusu kuingia kanisani. Alisema ni mara ya kwanza anaona kazi yangu ambayo haina pembe wala mapezi ya kugonga mabenchi.

Lilitoshea kaburini kama yai kiotani. Mkubwa wa wachimbaji alisimama na jembe lake kama askari.

Sasa mstari wa tatu, ambao hukuusoma. Unasema hivi, kwa wino uleule: "Amarkai, 0/10. Rudia kazi."

Alijisahihisha mwenyewe, Okailey. Alijipa sifuri, akalifunga daftari, akaliweka chini ya suruali zake miaka ishirini na minane. Kutoka kwake kuja Teshie ni mwendo wa mtu kumaliza muwa mmoja, na hakuja. Alingoja afe ndipo anitume nimchongee. Yaani kazi aliyoambiwa arudie, amenirudishia mimi niifanye! Mwalimu mvivu kuliko wanafunzi wote watatu.

Nimeliombea jambo hili siku nyingi. Nilitaka kusamehe kama Maandiko yanavyotaka, lakini kila nikipiga magoti naiona ile sifuri na nacheka. Mwishowe nikachukua penseli yangu ya useremala nikaikata ile sifuri, nikaandika mbili. Mbili juu ya kumi, kwa ajili ya mwandiko. Zaidi ya hapo atamalizana na Mwenyewe.

Wewe sikupi alama. Ulisimama.

Ndani ya bahasha hii kuna daftari lako. Karatasi imechoka, usilifungue kwa mikono ya haraka. Limekaa kwa mwalimu bila jina, likakaa kwangu wiki tano bila jina, na mimi sipendi kitu kitoke karakanani kwangu bila kujulikana ni cha nani. Basi kwenye jalada nimeandika, kwa herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara: OKAILEY, KIDATO CHA PILI.

Usilifute. Na wasichana wako wakifika kwenye ukuta, wafundishe wewe mwenyewe.

Kakako,
Borketey